CD ya sauti, WAV za data au DVD ya LPCM: uchome ipi kwa deki ya nyumbani?

Muziki usiobanwa ulio kwenye kompyuta, uwe WAV au AIFF, una njia kadhaa za kufika kwenye deki ya sebuleni, na zote zinapitia diski tupu ambazo kwa macho hazina tofauti. Sauti yenyewe ni ileile PCM (au LPCM), yaani vipimo vya wimbi la sauti, viitwavyo sampuli, vilivyoandikwa kama namba bila kubanwa. Kinachotofautiana ni jinsi ilivyopangwa kwenye diski, na deki inajali mpangilio huo kuliko inavyojali muziki. Ndiyo maana mtu anaburuta mafaili ya WAV hadi kwenye CD, anachoma bila kosa lolote, kisha deki inaandika NO DISC, au inafungua folda na kuonyesha kwamba haina kitu.

Kwa hiyo anza na deki, si faili. Soma orodha ya aina za diski na mafaili kwenye mwongozo wake. Neno "MP3/WMA" likiwa peke yake lina maana hiyohiyo: WAV haimo, na hakuna ujanja wa kuchoma utakaoiingiza.

| Njia | Ubora wa juu | Muda unaoingia | Deki inayoikubali |
|---|---|---|---|
| CD ya sauti | biti 16, 44.1 kHz | dakika 80 | karibu kila deki ya CD na DVD |
| WAV za data kwenye CD | kadiri ya deki | dakika 69 hivi kwa 16/44.1 | chache, na kwa shida |
| WAV za data kwenye DVD | kadiri ya deki | saa 7 na dakika 24 kwa 16/44.1, saa 2 na dakika 16 kwa 24/96 | zinazotaja WAV kwenye mwongozo |
| DVD-Video yenye LPCM | biti 24, 96 kHz | saa 2 hivi kwa 24/96 | karibu kila deki ya DVD na Blu-ray |
| DVD-Audio | biti 24, 192 kHz | saa 1 na dakika chache kwa 24/192 stirio | zenye nembo ya DVD-Audio tu |

Muda huo ni wa stirio, kwenye CD-R ya dakika 80 na DVD ya tabaka moja ya GB 4.7. Andiko kama 16/44.1 maana yake ni biti 16 kwa 44.1 kHz.

CD ya sauti

Kama muziki wako ulitoka kwenye CD, au ni 16/44.1 kwa asili yake, usihangaike na njia nyingine. CD ya sauti haina mafaili kabisa. Programu inaivua WAV kichwa chake (header, maelezo mafupi ya mwanzoni mwa faili), inachukua sampuli tupu na kuziandika kama mkondo mmoja, sekta 75 kwa kila sekunde, kisha mwanzoni mwa diski inaweka jedwali linalosema kila wimbo unaanzia wapi. Deki haina haja ya kujua WAV ni nini. Inasoma kama inavyosoma CD ya dukani.

Masharti ni mawili. La kwanza ni kwamba sauti lazima iwe stirio ya biti 16 na 44.1 kHz. Programu nyingi za kuchoma hugeuza zenyewe faili la 24/96 bila kukuuliza, na baadhi hukata tu biti 8 za chini bila kuongeza ule mnong'ono mdogo wa makusudi unaoficha makosa ya kukata. Ni bora ugeuze mwenyewe kabla ya kuchoma. Kwa SoX, programu ya sauti inayoendeshwa kwa kuandika amri:

sox -G wimbo.wav -b 16 wimbo16.wav rate -v 44100 dither -s

Hiyo -G inapunguza sauti kidogo pale ambapo kubadilisha kiwango cha sampuli kungefanya vilele vipasuke. Ina hila moja: kila faili linapunguzwa kivyake. Kwa albamu ambayo nyimbo zake zinashikana, geuza faili moja refu la albamu nzima, ndipo ugawe.

Sharti la pili ni kuchoma diski yote kwa mkupuo mmoja, yaani disc-at-once, kwa kifupi DAO. Ukichoma wimbo kwa wimbo, track-at-once, leza inazimwa na kuwashwa kati ya nyimbo, na unapata ukimya wa sekunde 2 kila mahali. Kwa nyimbo za kawaida hilo halina neno. Kwa rekodi ya jukwaani, ambapo makofi ya wimbo mmoja yanaingia kwenye utangulizi wa unaofuata, linaharibu kila kitu.

Hata kwa DAO kuna mlio mdogo wa "tik" unaowasumbua wengi. Sekta moja ya CD ya sauti ina baiti 2,352, yaani sampuli 588 za stirio. Ukigawa rekodi ndefu vipande vipande bila kufuata mafungu hayo ya 588, kila kipande kinaishia katikati ya sekta, na programu inajaza nafasi iliyobaki kwa sifuri. Ni chini ya sehemu moja ya 75 ya sekunde, lakini sikio linalikamata pengo hilo. Ndani ya Audacity, weka kipimo cha muda kuwa fremu za CDDA (yaani sekta za CD ya sauti) na uwashe kunata (snap) kabla ya kukata. Kama vipande vimeshakatwa vibaya, amri ya shntool fix inahamisha sampuli za ziada hadi kwenye faili linalofuata.

Njia safi zaidi ni kutogawa kabisa. Acha albamu iwe WAV moja na uandike kando yake faili la CUE, ambalo ni maandishi matupu:

FILE "albamu.wav" WAVE
  TRACK 01 AUDIO
    INDEX 01 00:00:00
  TRACK 02 AUDIO
    INDEX 01 04:31:52
  TRACK 03 AUDIO
    INDEX 01 09:07:18

Namba tatu hizo ni dakika, sekunde na fremu, na fremu zinaishia 74, si 99. ImgBurn kwenye Windows inaichoma CUE hiyo kama ilivyo, na cdrdao pia. Mkondo haukatiki popote. Mipaka ya nyimbo ni alama tu kwenye jedwali.

CD ya sauti ina faida moja isiyosemwa sana. Diski ikichubuka, deki inabahatisha sampuli iliyopotea kwa kuangalia jirani zake, na mara nyingi husikii chochote. Faili la data halina huruma hiyo. Lina tabaka la ziada la kurekebisha makosa, lakini likishindwa, deki inarudia kusoma hapohapo, kisha inaruka au inaganda.

WAV za data kwenye CD

Njia hii ndiyo watu huijaribu kwanza, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Sababu ziko kwenye hesabu.

Kwenye CD ya data, sehemu ya kila sekta inatolewa kwa lile tabaka la ziada la kurekebisha makosa, kwa hiyo zinabaki baiti 2,048 badala ya 2,352. Diski ileile iliyobeba dakika 80 za sauti sasa inabeba WAV za dakika 69 na sekunde kadhaa. Umepoteza dakika 10 bila kupata ubora wowote.

Tatizo kubwa ni kasi. CD ya data ikizunguka kwa kasi ya msingi, 1x, inatoa baiti 153,600 kwa sekunde. WAV ya 16/44.1 inataka 176,400. Deki inalazimika kuzungusha diski kwa kasi zaidi ya ile ya CD ya muziki, na si kila deki imeandaliwa hivyo. MP3 nzito kuliko zote, ya kbps 320, inakula baiti 40,000 tu kwa sekunde, na deki nyingi za "CD/MP3" zilipimwa kwa mzigo huo. Ukiipa WAV, muziki unacheza sekunde chache, unakata, unaendelea, unakata tena. Si diski mbovu na wala si lenzi chafu. Mfereji ni mwembamba.

Sasa weka WAV ya 24/96 kwenye CD hiyohiyo. Inadai baiti 576,000 kwa sekunde, karibu mara 4 ya kasi ya msingi, na zinaingia dakika 21 tu. Faili hilohilo kwenye DVD linapita kwa ulaini, kwa sababu 1x ya DVD ni kama baiti 1,385,000 kwa sekunde. Hata 24/192, inayotaka 1,152,000, inaenea. Deki moja, faili moja, diski mbili tofauti: moja inakatakata na nyingine inacheza vizuri. Mwenye deki anadhani ina kichaa.

Kwa hiyo hukumu ni rahisi: WAV za 16/44.1 kwenye CD zichome kama CD ya sauti, na zenye ubora wa juu zaidi zipeleke kwenye DVD.

WAV za data kwenye DVD

Hapa mambo yanabadilika, ilimradi deki inakubali WAV. Deki nyingi za Blu-ray na zile zinazocheza kila aina ya diski zinaikubali. DVD moja inabeba albamu nyingi ndani ya folda zake, na unachagua kwa rimoti kwenye skrini ya TV. Ukosefu wa TV karibu na amplifaya ni kero halisi, kwa sababu kijiskrini cha deki mara nyingi kinaonyesha namba ya faili tu.

Deki ikisema inacheza WAV halafu ikakataa faili lako, shuku kichwa cha faili. WAV nyepesi ina kichwa cha baiti 44. Inaanza na herufi RIFF, na ukiifungua kwa programu ya kuonyesha heksa, baiti ya 20 na ya 21, ukihesabu kuanzia 0, zinataja aina ya sauti. 01 00 ni PCM ya kawaida. FE FF ni kichwa kirefu kiitwacho extensible, ambacho programu nyingi huandika sauti ikiwa ya biti 24 au ikizidi chaneli mbili. 03 00 ni sauti ya float, ile ya biti 32 inayotoka kwenye programu za kuhariri. Deki nyingi zinajua 01 00 tu. Sauti ndani ni PCM safi kabisa, lakini deki inasoma lebo, haiitambui, inalirukia faili linalofuata.

Dawa kwa SoX ni kuilazimisha iandike kichwa kifupi:

sox wimbo.wav -t wavpcm wimbo-mpya.wav

Biti zinabaki 24, kHz zinabaki zilezile, kinachobadilika ni lebo. Kwa faili la float, ongeza -b 24 kabla ya -t.

Kuna dalili nyingine: mkwaruzo mfupi mwanzoni au mwishoni mwa kila wimbo. Programu fulani huweka jina la msanii na maelezo mengine ndani ya WAV, na deki iliyozoea kichwa cha baiti 44 inayacheza maelezo hayo kama sauti. Hifadhi upya bila maelezo. Kwa ujumla usitegemee WAV kubeba majina. Tegemea jina la faili, kwa mfano 01_utangulizi.wav, na sifuri ya mbele usiiache, la sivyo wimbo wa 10 unafuata wa 1.

Chagua mfumo wa faili wa ISO 9660 na UDF 1.02 kwa pamoja, na Joliet kama programu inauliza. UDF mpya zaidi ni balaa kwa deki za zamani. Epuka folda ndani ya folda ndani ya folda. Faili moja lisikaribie GB 4, kwa sababu WAV huandika ukubwa wake kwa namba ya biti 32 na haiwezi kuhesabu zaidi.

Udhaifu ambao hauna dawa ni pengo kati ya nyimbo. Deki inafunga faili, inatafuta jingine, inajaza akiba yake, inaanza. Nyingine hutumia nusu sekunde, nyingine sekunde mbili. Wapenzi wa muziki usiokatika wachome upande mzima wa albamu kama faili moja, wavumilie kukosa kuruka wimbo.

Na kama mwongozo wa deki unataja FLAC, hakuna hoja ya kubaki na WAV kwenye diski ya data. FLAC ikifunguliwa inarudisha sampuli zilezile bila kupoteza hata moja, inakula takribani nusu ya nafasi na inabeba majina.

DVD-Video yenye LPCM

Hii ni njia ambayo wengi hawaifikirii, na kwa mwenye deki ya kawaida ya DVD na mafaili ya 24/96 ndiyo bora kuliko zote. Kanuni za DVD-Video zinaruhusu sauti ya PCM isiyobanwa ya biti 16, 20 au 24, kwa 48 au 96 kHz. Deki lazima iisome, maana ni sehemu ya DVD yenyewe, si nyongeza ya hisani. Unachofanya ni kutengeneza "filamu" ambayo picha yake ni moja tu isiyosogea, labda kava la albamu, na sauti yake ni muziki wako. Kila wimbo unakuwa sura, na unaruka kwa kitufe kilekile cha kuruka sura.

Ndani ya kichwa kimoja cha DVD (title, yaani "filamu" moja, si kile kichwa cha faili), sura zinafuatana bila pengo, kwa sababu deki inaona mkondo mmoja. Mwisho wa sura ni 99 kwa kila kichwa. Programu ya bure ya lplex inapokea WAV au FLAC na kutoa folda ya VIDEO_TS iliyo tayari, au unaweza kuunda mwenyewe kwa dvdauthor. Ikiwa mafaili yana viwango tofauti, yatenge: yanalazimika kukaa kwenye mafungu tofauti ya vichwa, na deki itasita kidogo inapohama kutoka fungu moja hadi jingine.

Kuna mambo matatu ya kuangalia.

44.1 kHz hairuhusiwi. Muziki wa CD utalazimika kugeuzwa kuwa 48, na 88.2 kuwa 96. Kwa 16/44.1 hilo ni kazi ya bure, kwa sababu CD ya sauti ingeucheza bila kuugusa.

192 kHz pia hairuhusiwi. LPCM ndani ya DVD-Video ina ukomo wa Mbps 6.144, na 24/96 ya stirio inakula 4.608. Kwa chaneli sita za 24/96 nafasi haitoshi kabisa.

Tatu ni mpangilio wa deki. Ukipeleka sauti kwa waya wa optiki hadi kwenye risiva, deki nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kushusha 96 hadi 48. Ingia kwenye menyu ya sauti, tafuta mstari wa LPCM au wa kupunguza sampuli, uweke 96 kHz. Diski uliyoichoma nyumbani haina ulinzi wa kunakili, kwa hiyo kizuizi kinachowekewa filamu nyingi hakikuhusu.

DVD-Audio na Blu-ray

DVD-Audio ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa: inakubali 44.1, 88.2, 176.4 na 192 bila kugeuza chochote. Diski unaitengeneza kwa dvda-author, na muziki unakaa kwenye folda ya AUDIO_TS. Lakini deki isiyo na nembo yake haioni kitu ndani ya folda hiyo. Kama unayo deki yenye nembo na mafaili ya 24/192, itumie. Kama huna, usinunue kwa sababu hii pekee.

BD-R, yaani diski tupu ya Blu-ray, ya GB 25 inabeba zaidi ya saa 12 za WAV za 24/96 kama data. Ni njia nzuri kwa mwenye mkusanyiko mkubwa na deki ya Blu-ray inayokubali WAV. Ila kama deki hiyo ina tundu la USB linalocheza WAV, jiulize diski ni ya nini.

Diski yenyewe

CD-RW hurudisha mwanga mchache sana kuliko CD-R, na deki za CD za zamani haziioni kabisa. Kwa diski ya kudumu tumia CD-R na DVD-R. DVD+R ni sawa ikiwa mashine yako ya kuchoma inaweza kubadili utambulisho wake uwe DVD-ROM kabla ya kuchoma, na deki kongwe nyingi zinaikubali kwa njia hiyo. DVD-R haina uwezo wa kubadilishwa hivyo, wala kwa kawaida haihitaji.

Kasi ya 16x hadi 24x kwa CD na 4x hadi 8x kwa DVD inatosha. Kushuka hadi 1x kwa imani kwamba sauti itakuwa tamu zaidi hakusaidii, kwani diski za kisasa zilitengenezwa kwa kasi kubwa na baadhi huchomeka vibaya kwa kasi ndogo mno. Funga diski mara moja, usiache nafasi ya kuongeza baadaye. Deki nyingi hazisomi diski iliyo wazi, au zinasoma awamu ya kwanza tu.

Diski ya majaribio

Mwongozo wa deki ukinyamaza, tengeneza diski moja ya kuijaribu. Chukua DVD-RW na uweke mafaili mafupi ya viwango tofauti, jina la kila faili likitaja kilichomo:

sox -n -r 44100 -b 16 -c 2 01_16-44.wav synth 20 sine 440 gain -12
sox -n -r 48000 -b 24 -c 2 -t wavpcm 02_24-48.wav synth 20 sine 440 gain -12
sox -n -r 96000 -b 24 -c 2 -t wavpcm 03_24-96.wav synth 20 sine 440 gain -12
sox -n -r 96000 -b 24 -c 2 04_24-96-ext.wav synth 20 sine 440 gain -12

Faili la 4 lina kichwa kirefu kwa makusudi. Likikataliwa na la 3 likacheza, umejua kwamba kosa ni la lebo na si la kHz. Nakili faili la kwanza uliite 01b_16-44.wav ili lifuate lenzake. Mlio wa 440 Hz kwa sekunde 20 unakamilisha mizunguko 8,800 kamili, kwa hiyo mwisho wa faili moja unashikana sawasawa na mwanzo wa jingine, na kimya chochote utakachosikia kati yao ni cha deki. Faili la 3 likiwa linacheza, tazama kioo cha risiva: kikiandika 48, rudi kwenye menyu ya sauti ya deki kabla ya kuchoma diski nyingine yoyote.